Meza ya Anayepokea 115

Ukiwa Tukuyu mwezi wa Aprili, kuna wakati mazungumzo ya sebuleni hukatika bila mtu kugombana na mtu. Mvua imeshuka juu ya bati, na kila mmoja hukaa kimya akisubiri ipungue, maana hata ukipaza sauti husikiki. Tumeizoea hali hiyo. Sehemu nyingi za wilaya yetu ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sasa weka bati hilohilo juu ya kichwa cha mtu anayepokea simu za dharura. Upande wa pili wa laini yuko bibi wa Mwakaleli, naye chini ya bati lake, anaeleza kwamba mkwe wake amejifungua na damu haikati.

Bibi huyo amepiga 115, namba isiyolipiwa. Ni namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga, ulioanzia Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, kabla ya Rais Samia Suluhu Hassan kuzindua upanuzi wake wa kitaifa jijini Dodoma Aprili 2022. Simu huingia kituo cha uratibu cha mkoa. Mratibu anauliza maswali, anapima uzito wa hali, anatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali, anampigia dereva jamii, yaani mwananchi mwenye gari aliyesajiliwa kwa kazi hiyo, ambaye hulipwa baada ya kumfikisha mgonjwa. Polisi wana 112 yao na Zimamoto 114, na huko nako kuna mtu kwenye kiti, mwenye simu sikioni na macho kwenye kioo cha kompyuta.

Taaluma yangu ni egonomia: kupanga vyombo, chumba na saa za kazi vifuate mwili wa mfanyakazi, ili mwili usilazimike kujikunja kuvifuata. Kuhusu wapokea simu nina neno moja ninalolirudia kila ninapoitwa. Meza yao ni kifaa cha tiba kama lilivyo gari la wagonjwa. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya muda wa saa mbili, na safari ya kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini, kilomita zipatazo 70 za kupanda na kushuka kupitia Kiwira na Isongole, hula sehemu kubwa ya muda huo. Dakika mbili zilizopotea mezani kwa sababu jina la kijiji halikusikika vizuri, hakuna dereva atakayezirudisha barabarani.

Waingereza walijifunza hili kwa uchungu. Novemba 1935 nyumba moja ya Wimpole Street, London, iliungua na wanawake watano wakafa, huku jirani aliyepiga simu akisubiri kwenye foleni ya simu za kawaida. Hapo ndipo ilipozaliwa 999, iliyoanza tarehe 30 Juni 1937. Namba ndiyo inayokumbukwa, lakini kazi ilifanyika pia mezani kwa mpokea simu: simu ya dharura iliwasha taa nyekundu na kupiga king'ora ili iruke foleni. Husimuliwa kwamba king'ora kilikuwa kikali mno hata wapokea simu wakaziba mdomo wake kwa mpira wa tenisi. Nawaelewa. Aliyefunga kile king'ora hakuwa amekaa kando yake zamu nzima.

Turudi kwenye bati. Chumba cha kupokea simu kinapotengwa, kiwe cha mkoa au cha wilaya, fedha za kwanza huenda kwenye kompyuta. Kwa Rungwe, ningezianzishia juu: dari. Dari ya jasi au ya mbao, na juu yake tabaka nene la sufu ya kioo au sufu ya mwamba lililotandazwa bila kuacha mapengo, hupunguza kishindo cha mvua kuliko kitu chochote utakachobandika ukutani. Kama jengo lina ghorofa, chumba kiwe cha chini. Nimewahi kuonyeshwa chumba kilichopigiliwa trei za mayai ukuta mzima. Trei hupunguza mwangwi kidogo tu, hazizuii mvua hata chembe, na zikishika moto zinawaka kama karatasi. Pazia zito, zulia na rafu iliyojaa mafaili hufanya kazi bora zaidi ya kumeza mwangwi.

Kinachofuata ni hedifoni yenye kipaza sauti cha mdomoni. Bado wapo wapokea simu wanaobana simu kati ya sikio na bega ili mikono ibaki huru kuandika. Ukifanya hivyo saa nane mfululizo, misuli ya shingo inakaza, kichwa kinauma, na kiganja kinaanza kufa ganzi. Sikio moja au mawili? Chumbani mkiwa wawili au watatu mnaohitaji kusikizana, funika moja. Mvua ikianza, funika yote mawili. Kwa hiyo nunua za masikio mawili ambazo upande mmoja unaweza kusogezwa, na kila mtu awe na sponji zake za masikioni. Katika unyevu wa Tukuyu, sponji za kupokezana huota ukungu na kusambaza maradhi ya masikio.

Lakini kusikia sauti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulisikia jina. Kituo cha 115 kiko mkoani, na anayepokea anaweza kuwa mwenyeji wa Mara au Mtwara. Mtu akimwambia "niko Masoko", atadhani ni gulioni, kumbe ni Masoko yenye ziwa la kreta. Akiambiwa "Ushirika", atauliza ushirika gani, kumbe nalo ni jina la mahali. Kiwira ni mji mdogo wa Rungwe, ni mto, na ni jina la mgodi wa makaa ya mawe ulio mbali, upande wa Ileje na Kyela. Gari likitumwa kwenye Kiwira isiyo yenyewe, limepotea hadi wilaya nyingine. Katumba ipo kwetu na Katumba nyingine ipo Katavi. Ndiyo maana ramani ya ukutani ni sehemu ya meza. Iandikwe majina yanayotamkwa na watu pamoja na yale ya serikali, na alama wanazozitaja: kiwanda cha chai, kanisa, daraja, zahanati, mashine ya kukoboa. Urefu wa herufi uwe walau umbali wa jicho ugawanywe kwa 200, maana yake ramani iliyo mita mbili kutoka kitini iwe na herufi za sentimita moja. Kando yake pawe na ubao wa kuandika njia zisizopitika leo. Wakati wa masika njia za Busokelo hubadilika kwa siku moja, na mratibu asiyejua hilo humtuma dereva kwenye tope.

Kuna kosa lingine ambalo vitabu vya kigeni vya taaluma yangu havilitaji. Kompyuta husema 22:00, mama husema saa nne. Mpokea simu akiuliza uchungu umeanza lini na kujibiwa "saa nne", mkono ulioandika siku nzima kwa namba za kompyuta unaweza kuandika 4:00, na tofauti ya saa sita ikaingia kwenye maelezo anayosomewa mkunga. Mfanyakazi mchovu huteleza hapo kirahisi. Dawa yake ni kipande cha karatasi ngumu chenye safu mbili, saa za Kiswahili na saa za kompyuta, kibandikwe chini ya kioo pale macho yanapotua. Na neno la mchana au usiku liulizwe kila mara.

Karatasi hiyo iwe pia na maneno ya kwanza ya simu. Swali la mahali litangulie jina na ugonjwa, kwa kuwa mabondeni mawimbi hukatika na chaji huisha. Sisi tumelelewa na salamu, na kumkatisha mzee salamu ni kumvunja moyo asieleze vizuri. Basi salamu na swali viende pamoja kwa pumzi moja: "Shikamoo mama, uko wapi?" Kwa mzee wa Kinyakyusa ambaye Kiswahili chake ni cha kuungaunga, kituo kiwe na orodha ya maneno machache ya Kinyakyusa, damu, kifafa, kupumua, mtoto, iliyosomwa na kusahihishwa na wenyeji wenyewe.

Mwili nao. Kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu usawa wa macho au chini kidogo, na dirisha liwe ubavuni, lisiwe nyuma ya mgongo wala mbele ya uso. Kompyuta mpakato humwinamisha kila mtu. Iinue kwa rimu za karatasi, kila moja ina unene wa sentimita tano hivi, kisha chomeka kibodi ya kando ili viwiko vikae karibu na mbavu. Vinavyoshikwa kila simu viwe ndani ya sentimita 40 kutoka mwilini. Kikombe cha chai kiwe na kijirafu chake chini ya usawa wa meza. Chai ikimwagika huko, kibodi inapona.

Kiti cha zamu hakipumziki. Kinakaliwa mchana na usiku na watu watatu wa maumbo tofauti, kwa hiyo vishikio vya kuongeza na kupunguza kimo viwe vigumu na rahisi kushika. Meza nyingi zina kimo cha sentimita 75, na mwanamke wa kimo cha wastani akiinua kiti zimfae mikono, miguu inaning'inia na mapaja yanabanwa. Hapo mwite fundi seremala. Mbao za msonobari zipo tele Rungwe: atengeneze kibao cha miguu chenye mteremko, na meza nyembamba ya kimo cha sentimita 105 kando ya ukuta, ili mpokea simu mwenye hedifoni isiyo na waya aweze kusimama bila kuacha kazi. Meza za umeme zinazopanda na kushuka ni nzuri, ila hii ya seremala inafanya kazi hiyohiyo na haizimiki.

Baridi ya Juni na Julai huvipunguzia vidole wepesi, na makosa ya kuandika huongezeka. Zulia chini ya miguu, blanketi, soksi nzito, milango isiyopitisha upepo. Jiko la mkaa lisiingie kamwe kwenye chumba hicho, hata likiwa limeshakolea. Kaboni monoksidi haina harufu, na mpokea simu aliyefunga madirisha kwa ajili ya utulivu hatajua kwa nini kichwa kinamzunguka. Kuhusu umeme nitasema kifupi: betri ya akiba ibebe kompyuta, ruta na taa moja, hita ya umeme isichomekwe hapo, na daftari lenye namba za madereva liwe juu ya meza hata pale mfumo unapofanya kazi vizuri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika 60, na huzuia zamu kuzidi saa 12. Mpokea simu aliyepangwa peke yake usiku hawezi kuipata haki hiyo, hata chooni anakwenda kwa kukimbia. Kati ya saa nane na saa kumi na mbili alfajiri, mwili unapotaka kulala, ndipo anapomhitaji mwenzake zaidi. Ukiniuliza kama fedha ziende kwenye kioo cha pili au kwenye mtu wa pili wa zamu ya usiku, nitachagua mtu. Na baada ya simu iliyoishia na kifo, mtu huyo awe na pa kutoka: chumba cha pembeni chenye kiti, maji na mlango unaofungwa.

Kukijaribu chumba, ngoja siku ya mvua kubwa. Mpe mtu simu aende kwenye nyumba ya bati isiyo na dari, awasomee wapokea simu kwa sauti ya kawaida majina ya vijiji kumi na nyakati kumi, nao waandike wanavyosikia. Kisha rudieni saa kumi usiku, na wale waliokaa zamu nzima. Yaliyokosewa mara zote mbili yawekwe kwenye ramani kwa herufi kubwa kesho yake. Yaliyokosewa usiku tu yapelekwe kwa anayepanga zamu.