Gari Zima Halinywi Maji

Shule zikikaribia kufungwa, swali ni lile lile: "Fundi, nikitoka Nagongera mpaka Kampala na watoto, nibebe maji ya rejeta lita ngapi?" Wengine huja na jerikani mbili za lita 20 tayari kwenye buti. Wanachotaka ni kuambiwa tu kwamba zinatosha.

Gari zima halinywi maji. Mfumo wa kupoza injini umefungwa, na maji yaliyomo huzunguka yale yale miezi na miezi. Ukiona unaongeza kila safari, jua yanatokea mahali: mpira umepasuka, pampu inavuja, mfuniko wa rejeta umelegea, au, Mungu apishie mbali, hedi gasketi imeungua na maji yanaingia kwenye silinda. Jerikani haiponyi hata kimoja kati ya hivyo. Inakusogeza mbele kidogo, ukaharibikiwe mbali zaidi na fundi.

Nikiuliza gari limepitia wapi kabla ya kufika kwangu, hadithi haibadiliki. Lilichemka, likapelekwa kwa mtu, naye akang'oa thamostati na kuitupa. "Hiki ni kidude cha nchi za baridi," akasema, "huku kwetu jua linatosha." Mwenye gari akalipa na kushukuru.

Hebu tuelewane. Thamostati nyingi huanza kufunguka injini ikifika nyuzi 80 hadi 90 za joto. Mchana mkali wa hapa kwetu Tororo ni nyuzi 30 na kitu. Kwa injini, hiyo bado ni baridi. Jua letu na theluji ya Ulaya vyote viko chini mno ya joto inalolihitaji ili ifanye kazi vizuri. Thamostati huziba njia mpaka joto hilo lifikiwe, kisha hufungua. Ikikwama imefungwa, ni kweli gari litachemka, na dawa yake ni kufunga nyingine mpya.

Ukiing'oa, kompyuta ya gari hudhani injini bado haijapata moto, basi humimina petroli ya ziada. Petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda, na silinda zinalika. Halafu kuna jambo ambalo watoa thamostati hawalijui kabisa: kwenye injini nyingi, zikiwemo nyingi za Toyota tunazoendesha huku, kidude hicho kina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato maji yanapopata moto. Kikiondoka, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Uliitoa ili gari lisichemke. Sasa limejaa abiria, linapanda mlima, na linachemka kwa sababu uliitoa.

Kisha linajazwa maji ya kisima. Kiwanda cha saruji kilijengwa Tororo kwa sababu ya mawe ya chokaa, na chokaa hiyo huingia kwenye maji. Chungulia ndani ya birika lako la chai. Ukikuta ukoko mweupe, ukoko huo huo unaziba vijibomba vya rejeta. Tena hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako maji matupu yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachoyazuia yasichemke mpaka karibu nyuzi 120 ni presha inayobanwa na ule mfuniko mnaoufunga na mfuko wa plastiki. Nunua mfuniko wa namba sahihi. Weka kulanti, si maji ya kisima.

Gari likichemka kwenye foleni ya malori mpakani Malaba lakini likapoa ukianza kukimbia, tazama feni. Likichemka ukiwa kwenye kasi, tazama rejeta, pampu na mikanda. Kwa vyovyote, simama, zima, subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono. Ukifungua mfuniko kabla ya hapo utaungua uso, na ukimwaga maji baridi kwenye injini ya moto unaweza kupasua hedi.

Sasa vya kubeba, haraka haraka. Tairi la akiba lenye upepo, uupime leo. Jeki, kibao cha kuiwekea kwenye udongo, na spana uliyokwisha kuijaribu kwenye nati zako, maana nyingi hufungwa kwa mashine na hazifunguki kwa mkono. Waya za kuchajia betri, fyuzi, tochi, kamba ya kuvutia, kulanti lita mbili, maji lita tano ya kunywa. Simu yenye chaji, na laini inayoshika upande wa mpaka unaokwenda.

Pembetatu mbili zinazong'aa. Matawi ya miti si alama: usiku katika msitu wa Busitema, dereva wa lori huona majani barabarani akiwa ameshayakanyaga. Na jiwe uliloegemezea gurudumu, liondoe ukimaliza. Petroli ya jerikani kutoka Busia usiiweke ndani ya gari na watu, hata kama ilikuwa rahisi.

Mwisho, dawa ya mbu ya kujipaka. Kabla ya upuliziaji wa dawa ya mbu majumbani kuanza mwishoni mwa 2014, watafiti walikadiria kwamba mtu wa Nagongera aliumwa na mbu wenye malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Anayesubiri fundi gizani na milango wazi anawasubiri na wao.