Pembe ya Jicho Nayo Inaendesha Gari

Tangu tarehe 19 Juni 2025, dereva anayetoka Mwanza kwenda Sengerema hasubiri tena kivuko pale Kigongo. Anavuka ghuba juu ya daraja la kilometa 3 mpaka Busisi, maji kulia, maji kushoto. Macho yake yako mbele kabisa, wala haitazami mistari iliyochorwa kando ya tairi zake. Mbona haipandi mistari hiyo? Nyoosha mkono, ukazie macho ukucha wa kidole gumba: eneo unaloliona kwa ukali kamili halizidi sana upana wa ukucha huo. Kinachobaki, yaani karibu kila kitu, kinaonwa na pembe ya jicho, kwa ukungu. Ukungu huo una kazi. Mwaka 1995 watafiti Michael Land na Julia Horwood waliwaendeshesha watu kwenye barabara ya kuigiza, wakawafunikia sehemu ya mandhari. Walioachiwa sehemu ya mbali tu walikata kona vizuri lakini wakashindwa kukaa katikati ya njia; walioachiwa ya karibu tu walikaa katikati, ila usukani ukawa wa kushtukashtuka. Anayeendesha vizuri hutumia zote mbili kwa pamoja, na ile ya karibu huipata bila kuikodolea.

Ndiyo maana kamera za kufuatilia macho, ambazo watafiti wanazipenda (na nukta yao nyekundu inavutia kweli), zisisomwe kana kwamba zinaingia kichwani mwa mtu. Nukta inaonyesha jicho limeelekea wapi. Haisemi mtu amejua nini. Inaweza kutua juu ya bodaboda na dereva asiitambue, akili ikiwa kwenye simu.

Hapo mzoefu atadakia: kama pembe ya jicho inatosha, basi naweza kusoma ujumbe huku nikienda. Mtafiti Heikki Summala na wenzake wa Ufini walilipima hilo miaka ya 1990. Wazoefu, macho yakiwa ndani ya gari, walishika njia yao vizuri kuliko wanagenzi. Lakini gari la mbele lilipofunga breki, uzoefu haukuwasaidia. Walichelewa kama wenzao. Tena gari kutoyumba ndiko kunakomdanganya mzoefu, anadhani anaona kila kitu. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, sekunde 2 za kutazama simu ni meta 44 za lami.