Kinachoua Injini Iliyolala

Tangu Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norway, alipoanza kuuza injini zake za boti mjini Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, ushauri wa kuzihifadhi umeandikwa zaidi na watu wanaoiogopa barafu. Wana haki. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na kiasi kidogo kilichonasa ndani ya kasha la gia kinatosha kulipasua. Onyo hilohilo limo katika vitabu vya maelekezo ya pampu ndogo za petroli zinazonyweshea nyanya na kabichi huko Subukia, ambako ikweta inaikata barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu. Mkulima akilisoma huona halimhusu, naye huifungia pampu stoo mvua za masika zinapoanza, petroli ikiwa ndani yake. Juu ya barafu hajakosea. Lakini mvua ndiyo majira ya baridi ya pampu, kwa kuwa ndiyo miezi inayokaa bila kazi, na kinachoiua miezi hiyo ni ile petroli iliyoachwa ndani.

Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, wala hazizeeki kwa mwendo mmoja. Zile nyepesi huruka kwanza, na hizo ndizo zinazowezesha injini baridi kuwaka. Katika zinazobaki, zile zinazoitwa olefini huungana polepole na oksijeni ya hewani na kugeuka gundi, kisha utando mgumu wa rangi ya kahawia. Joto huharakisha kazi hiyo, na shaba pia. Nazo jeti za kabureta hutengenezwa kwa shaba nyeupe, ambayo imechanganywa na zinki. Humo hali huwa mbaya zaidi kuliko kwenye tangi, kwa sababu bakuli la kabureta hubeba petroli kidogo na lina tundu la hewa. Kadiri petroli hiyo inavyokauka, gundi yake yote hujikusanya mahali pamoja, chini, palepale ilipo jeti yenye tundu lisilofika milimita 1. Mwinuko nao una mchango. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na Subukia haipishani nalo sana; huko shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Petroli huruka upesi zaidi, na injini imekwisha kupoteza takriban sehemu moja kwa tano ya nguvu zake kabla ya hitilafu yoyote. Pampu inayosukuma maji kutoka bondeni hadi shamba la mlimani haina akiba ya kufidia jeti iliyoziba nusu.

Wapo wanaosema adui ni umande, na kwamba dawa yake ni kulijaza tangi pomoni. Hesabu haiwaungi mkono. Tuseme tangi lina hewa lita 2, mchana nyuzi 25 na usiku nyuzi 10. Hewa hiyo husinyaa kwa asilimia 5 na kuvuta ndani desilita moja ya hewa ya nje. Hata ikiwa imeshiba unyevu, desilita moja ya hewa ya nyuzi 10 haibebi zaidi ya miligramu moja ya maji. Kwa siku 120, hata kama hakuna kinachotoka tena mchana, hayo ni matone mawili au matatu. Maji mengi yanayokutwa ndani ya tangi kwa hakika yaliingia kama maji, kupitia kifuniko kilicholegea chini ya bati linalovuja au mtungi ulioachwa nje. Unyevu ni hatari kwingine, ndani ya silinda, ambako chuma kisicho na utando wa oili huanza kushika kutu. Hapo kijiko kimoja cha oili safi kupitia tundu la plagi kina faida kuliko tangi lililojaa.

Boti za kutembeza wageni Naivasha na Baringo ziko katika hali ileile, kwani Aprili na Mei, wakati wa mvua, ndipo wageni hupungua. Lakini kwa boti hatari ni kubwa zaidi. Injini nyingi za maziwani ni za mipigo miwili, ambazo oili yake huchanganywa na petroli. Jeti ikiziba nusu, injini hukosa mafuta ya kuwaka na ya kulainisha kwa mpigo mmoja. Pistoni hupata joto kali na hukwama. Hayo yakitokea katikati ya ziwa lenye viboko, abiria wamo hatarini. Boti pia ina njia za maji ya kupoza, na tope linalobaki humo hukauka na kuziba. Injini isuuzwe kwa maji safi, kisha isimamishwe wima ijimwage yenyewe. Ikilazwa ovyo, kichwa kikiwa chini kuliko gia, maji hurudi hadi kwenye silinda. Oili ya gia nayo ikaguliwe kabla ya kuhifadhi: ikiwa na rangi ya maziwa, sili imeruhusu maji.

Mwingine atasema yeye huiwasha injini dakika mbili kila wiki. Dakika mbili hazitoshi kuipasha oili moto, na kila petroli inayoungua huzaa mvuke wa maji, ambao katika injini baridi hupoa na kuwa matone na kuchanganyika na oili. Kuwasha kwa mzigo, maji yakipita, hadi injini iwe na joto kamili, ni jambo jingine, na anayeweza kufanya hivyo mara kwa mara afanye. Kuwasha pampu kavu stooni huunguza sili yake. Kuwasha injini ya boti nje ya maji humaliza mpira wa pampu yake ya kupozea kwa muda mfupi sana. Hoja yenye uzito zaidi ni ya gharama: fundi wa jua kali husafisha kabureta kwa bei nafuu, ya nini kujisumbua? Ni kweli, na mafundi hao wana ujuzi mkubwa. Lakini shaba ni laini. Jeti ikizibuliwa kwa waya, tundu lake hupanuka, na tangu hapo injini hunywa petroli kupita kiasi. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi huisha mapema. Unafuu wa siku ile hulipwa kila msimu kwa mafuta.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Kwa pampu, injini ikiwa bado moto, oili chafu yenye asidi imwagwe na kuwekwa mpya. Ikingoja hadi mvua ziishe, asidi itakuwa imekaa na vyuma miezi yote hiyo. Koki ya mafuta ifungwe, injini iachwe ingurume hadi izimike yenyewe, maji yakiendelea kupita. Kisha skrubu ya chini ya bakuli ilegezwe, kwa sababu kuzimika hakumaanishi bakuli limekauka. Petroli ya tangini haipotei, bodaboda itaimaliza wiki hiyohiyo. Plagi ikitolewa na oili kutiwa, kamba ivutwe taratibu mara kadhaa, plagi irudishwe, kisha kamba ivutwe tena hadi mkono uhisi ukinzani; hapo, kwa injini ya mipigo minne, vali zote mbili zimefunga na hewa yenye unyevu haipiti. Maji ya kwenye bomba la pampu yafunguliwe yatoke na tope lake. Jua likirudi, itiwe petroli mpya, na moshi wa mwanzo usimtishe mtu, ni ile oili ya kijiko inayoungua.