Sababu gani diski ya ordinatere inachakaa?

Siku hizi parokia nyingine zinaandika majina ya wabatizwa mara mbili: katika kitabu kwa kalamu, tena katika ordinatere. Ni kazi nzuri, kwa maana jina linaonekana upesi. Lakini pengine mashini inaanza kulia tik-tik, kisha haifunguki tena, na kazi ya miaka kumi imepotea. Watu wanasema: «Ni vumbi», ama: «Tuliitumikisha kupita kiasi». Je, ni kweli? Tuangalie.

Diski ni nini? Ni sahani ya aluminiamu ao ya kioo, iliyopakwa dawa ya sumaku. Katika ordinatere nyingi za kubeba inazunguka mara 5.400 kwa dakika, na ukingo wake unakimbia zaidi ya kilometa 60 kwa saa. Juu yake kuna kichwa kidogo kinachosoma na kuandika. Kichwa hiki hakigusi sahani: hewa inayovutwa na mzunguko inakiinua. Gawanyeni milimeta moja katika vipande 1.000.000: kichwa kinaruka juu kwa vipande vichache tu. Unywele wa mtu una unene wa vipande 80.000 hivi!

Basi, kusoma hakuli sahani, kama vile sindano ya gramafoni ilivyokula santuri. Yanayoiharibu ni mambo mengine.

1. Umeme mbaya. Kabondo-Dianda, kwenye njia ya reli katikati ya Bukama na Kamina, ni mfano wa mahali ambapo grupu na mabamba ya jua ni msaada mkubwa. Lakini grupu ikizimika ghafula, kichwa kinarudishwa mahali pake kwa haraka na kwa nguvu, na neno lililokuwa likiandikwa linakatika katikati. Umeme ukipanda na kushuka, unaweza kuunguza vyombo vidogo vya ndani.

2. Mishtuko. Ordinatere inayobebwa kwa pikipiki huku ingali inawaka, kichwa chake kinaweza kupiga sahani na kuikwaruza. Unga unaotoka hapo unakwaruza tena pengine.

3. Joto. Joto kali linachosha mafuta ya mhimili unaozungusha sahani. Vumbi la kiangazi haliingii katika diski, kwa sababu imefungwa na tundu lake la hewa lina chujio. Lakini linaziba feni ya ordinatere, na joto linaongezeka. Kwa hiyo safisheni feni, lakini diski yenyewe msiifungue kamwe.

4. Uzee. Kila kuwashwa na kuzimwa kunachosha moteri kidogo. Hata diski iliyotunzwa vema inakufa siku moja, na mara nyingine pasipo kutoa alama.

Je, diski mpya zisizozunguka, zinazoitwa SSD? Hazina sahani wala kichwa, kwa hiyo haziogopi sana mishtuko. Lakini zinachakaa kwa kuandikwa, kwa maana kila chumba chake kinavumilia idadi fulani tu ya maandiko. Tena zikikaa muda mrefu bila umeme, zaidi mahali pa joto, zinaweza kusahau yaliyomo.

Basi tufanye nini? Tuzime mashini kwa taratibu yake, tungoje sahani isimame, ndipo tuibebe. Tutie betri katikati ya grupu na ordinatere. Tukisikia tik-tik, tunakili mara moja yaliyomo, kabla ya kazi nyingine yoyote.

Zaidi ya yote, tusitegemee diski moja. Tuwe na nakala ya pili, nayo ikae katika nyumba nyingine, maana moto ao mwizi hachagui. Tena kitabu cha karatasi kisiachwe. Kanuni 535 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaagiza kila parokia iwe na vitabu vyake, na vile vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Mkristo anayetaka kufunga ndoa ataulizwa hati ya ubatizo wake. Asijibiwe kwamba mashini imekufa.