B.A. au B.S.? Kilichomo ndani ya shahada ya kemia Marekani

Kila mwaka barua za vyuo zinapoanza kufika, wazazi wetu hapa Marekani hupigiana simu kuulizana jambo lile lile. Mtoto amekubaliwa kusoma kemia, chuo kinamtaka achague B.A. (Bachelor of Arts) au B.S. (Bachelor of Science), sasa ipi ni bora? Wengi hujibu papo hapo kwamba B.S. ndiyo yenye uzito kwa kuwa imebeba neno sayansi. Kwa jibu hilo wapo vijana waliojitwika mzigo wasiouhitaji. Wapo pia walioikwepa B.S. kwa hofu, wakaja kugundua mwaka wa nne kwamba walichokikosa ni masomo mawili matatu tu ambayo wangeweza kuyachukua mapema.

Tuanze na herufi zenyewe, maana zina historia. Katikati ya karne ya 19, B.A. ya chuo cha Marekani ilimtaka mwanafunzi ajue Kilatini na Kigiriki. Sayansi za maabara hazikuwa na kiti cha heshima katika mtaala huo. Harvard ilianzisha shule ya pembeni, Lawrence Scientific School, mwaka 1847, na mwaka 1851 ikatoa shahada zake za kwanza za B.S. Wakati huo B.S. ndiyo iliyodharauliwa, ikionekana ni ya vijana wasio na lugha za kale. Siku hizi watu wanaipima kinyume kabisa, ilhali Harvard na Princeton mpaka leo humpa mhitimu wa kemia A.B., yaani B.A. kwa mpangilio wa Kilatini, na hakuna anayetilia shaka kemia yake. Kwa hiyo herufi zinakueleza desturi ya chuo. Kujua alichosoma mtu, lazima ufungue orodha ya masomo yake.

Orodha hizo zinafanana mno kutoka chuo hadi chuo, na kufanana huko hakukuja kwa bahati. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata biashara na Ujerumani, Marekani ilijikuta haina rangi za viwandani za kutosha wala baadhi ya dawa, kwa sababu kemia ya dunia ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Hata vitabu na majarida mengi ya fani yalikuwa ya Kijerumani, na kwa miongo mingi wanafunzi wa kemia hapa walitakiwa kusoma lugha hiyo. Jumuiya ya wanakemia wa Marekani, American Chemical Society, iliyoasisiwa New York mwaka 1876, ikaanza kuangalia kwa karibu jinsi vijana wanavyoandaliwa. Mwaka 1936 iliunda kamati ya kusimamia mafunzo ya wanakemia, na kamati hiyo ipo hadi leo. Haimpi mtu leseni. Inakagua idara za kemia na kuziidhinisha, kisha idara yenyewe ndiyo inayomthibitisha mwanafunzi aliyetimiza masharti yote. Ndiyo maana wanafunzi wawili wanaweza kutoka idara moja, siku moja, wote na B.S., mmoja akiwa na uthibitisho wa jumuiya na mwenzake hana.

Masharti hayo yamejengwa juu ya nyanja tano: kemia changanuzi, baiokemia, kemia isiyo ogania, kemia ogania na kemia fizikia. Juu ya nadharia kuna maabara. Mwongozo wa mwaka 2015 ulitaka saa 400 za maabara baada ya kemia ya mwaka wa kwanza. Hesabu mwenyewe: kipindi kimoja cha maabara ni mchana mzima wa saa tatu au nne, mara moja kwa wiki, kwa muhula wa wiki kumi na tatu au kumi na nne. Saa 400 ni maabara nane, tisa, au hata zaidi za muhula mzima. Vyuo vingi huhesabu mchana huo kuwa krediti moja tu. Kijana anayefanya kazi jioni ili kusaidia karo ataona krediti 15 kwenye ratiba na kudhani ana nafasi, kumbe wiki yake imekwisha kuliwa. Mzazi anayemuuliza kwa nini hachukui zamu za ziada aione ratiba hiyo kwanza.

Lakini ugumu wa shahada hii hauko maabara. Uko kwenye hisabati, na hapa nawasemea hasa vijana wanaotoka nyumbani.

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma PCB (fizikia, kemia, biolojia) au CBG (kemia, biolojia, jiografia) kidato cha tano na sita hakusoma hisabati ya juu. Alisoma BAM, ile hisabati ya nyongeza ambayo wengi huisoma ili wafaulu tu. Anafika hapa, kemia anaijua vizuri kuliko wenzake wengi darasani, kisha anapewa mtihani wa kumpangia darasa la hisabati, mara nyingi kwenye kompyuta, akiwa bado na uchovu wa safari. Anaufanya bila maandalizi. Anapangiwa aljebra. Hakuna anayemwambia kwamba siku hiyo ndiyo aliyochagua shahada yake.

Fuata mnyororo. Aljebra muhula wa kwanza, maandalizi ya kalkulasi muhula wa pili, kalkulasi ya kwanza na ya pili mwaka wa pili. Fizikia inayotumia kalkulasi haianzi mpaka kalkulasi yenyewe ianze. Kemia fizikia, ambayo ni sharti la B.S. karibu kila mahali, inazisubiri zote mbili, na idara nyingine huongeza kalkulasi ya tatu. Kisha idara ndogo hufundisha sehemu ya kwanza ya kemia fizikia muhula wa vuli peke yake. Ukianzia aljebra bado unaweza kumaliza kwa miaka minne, ila huna nafasi ya kufeli somo hata moja. Ukifeli moja unasubiri mwaka mzima, na kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, mwaka mzima ni karo, kodi ya nyumba, na hati ya I-20 inayohitaji kurefushwa. Kwa hiyo kama kuna jambo moja la kufanya kabla ya kupanda ndege, ni kukaa na kitabu cha hisabati kwa miezi miwili ili upangiwe kalkulasi tangu mwanzo.

Kwa nini kemia fizikia inadai haya yote? Kwa sababu ndiyo inayofunua kinachoendelea ndani ya kemia nyingine zote. Shuleni tulikariri kwamba elektroni hukaa kwenye mizingo, tukachora duara. Katika kemia fizikia unaandika mlinganyo wa Schrödinger kwa chembe iliyofungiwa ndani ya boksi, unautatua kwa mkono, na viwango vya nishati vinajitokeza vyenyewe kutoka kwenye hesabu. Ni moja ya nyakati nzuri kabisa katika elimu ya sayansi, na inanisikitisha kuona vijana wenye akili wakiikwepa kwa sababu ya aljebra ya muhula wa kwanza.

B.A. kwa kawaida hulegeza hapo. Huenda ikataka nusu ya kemia fizikia, au kozi nyepesi ya aina hiyo, na maabara chache. Ni chaguo zuri kwa anayetaka kuchanganya kemia na uchumi, sheria au ualimu. Ni chaguo zuri pia kwa anayelenga udaktari, kwani shule za udaktari hazijali herufi. Kwa upande wa kemia, nyingi zinataka mihula miwili ya kemia ya jumla, kemia ogania na, tangu MCAT, mtihani wa kuingia shule hizo, ulipobadilishwa mwaka 2015, baiokemia. Hapo ningependa tuelewane kuhusu famasia. Nyumbani mtu huingia moja kwa moja kusoma shahada ya kwanza ya famasia. Hapa mfamasia ni mwenye PharmD, shahada ya kitaaluma yenye masomo yake ya awali, na B.S. ya kemia haimfanyi mtu kuwa mfamasia, si hapa wala nyumbani.

Unayepaswa kuwa mwangalifu na B.A. ni wewe unayetaka kufanya kazi kama mwanakemia. Serikali kuu ya Marekani huajiri wanakemia kwenye kundi la kazi namba 1320, na masharti yake yameandikwa wazi: angalau krediti 30 za kemia, kalkulasi ya kutofautisha na ya kujumlisha, na angalau krediti 6 za fizikia. Hayataji B.A. wala B.S. Mwenye B.A. aliyechukua kalkulasi mbili na fizikia mbili kwa hiari yake anaingia. Asiyekuwa nazo anabaki nje, hata kama alama zake za kemia ni za juu. Kazi nyingi kati ya hizo ni za raia, kwa hiyo jambo hili linawahusu zaidi watoto wetu waliozaliwa hapa. Kwa wenye viza, kinachoangaliwa na uhamiaji ni namba ya programu iliyo kwenye I-20. Kemia imo kwenye orodha ya sayansi na teknolojia, hivyo chini ya kanuni ya mwaka 2016 mhitimu anaweza kuomba miezi 24 ya kazi juu ya ile 12 ya kawaida, awe na B.A. au B.S.

Kuna kitu kingine ambacho brosha za vyuo hazionyeshi vizuri, nacho ni nani anashika vyombo. Chukua aspirini, ambayo wanafunzi wengi huitengeneza katika maabara ya kemia ogania. Unachanganya asidi ya salisiliki na anhidridi ya asetiki, matone machache ya asidi kali, unapasha moto, unapoza kwenye barafu, fuwele nyeupe zinajitokeza. Unadondosha kloridi ya chuma juu ya punje chache: zikigeuka zambarau, asidi ya salisiliki bado imo, rudia kusafisha. Unapima joto la kuyeyuka, ukitafuta karibu nyuzi 135. Kisha sampuli inaenda kwenye mashine ya NMR, inayoonyesha muundo wa molekuli, kuthibitishwa. Katika chuo kimoja mwanafunzi wa mwaka wa pili anaiingiza mwenyewe. Kwingine anapewa karatasi yenye majibu yaliyochapishwa miaka iliyopita. Siku ya kutembelea chuo, uliza swali hilo kwanza. Chuo kidogo kisicho na jina mara nyingi hushinda hapa.

Swali hilo linaungana na utafiti. Nafasi za kiangazi zinazolipwa na National Science Foundation ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu. Mwenye F-1 hawezi kuzitegemea, kwa hiyo amfuate profesa wa idara yake mwaka wa pili, ana kwa ana, na kuomba kazi ndani ya maabara yake. Nalisisitiza kwa sababu ya kinachofuata: idara za kemia zinazotoa PhD hapa kwa kawaida hufuta karo na kumlipa mwanafunzi posho kwa kufundisha au kutafiti, na B.A. au B.S. inatosha kuomba bila shahada ya uzamili. Kinachomfungulia mlango ni barua ya profesa aliyemwona akifanya kazi kwa mikono yake.

Kwa wanaoanzia vyuo vya jamii ili kupunguza gharama, jambo hilo ni la busara, ila mhakikishe kwa maandishi kwamba kemia ogania ya huko itapokewa pamoja na maabara yake. Vyuo vikuu vingine huipokea kama somo la mwaka wa pili tu, na krediti za masomo ya juu zikapungua. Hifadhi silabasi ya kila somo, yenye mada na saa za maabara. Chuo unachohamia kitaiomba, na ukirudi Tanzania na kupeleka shahada yako Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) itambuliwe, utajibu swali lolote ukiwa na makaratasi mkononi.