Nani Mwenye Daftari? Ugomvi wa Wasaka Visanduku na Somo kwa Wanunuzi wa Viwanja Miyuji

Bidhaa inayotangulia katika soko la viwanja la Miyuji, kaskazini mwa katikati ya mji wa Dodoma, si udongo bali ni namba. Siku hizi si ajabu dalali kumtumia mteja tarakimu za latitudo na longitudo kwa simu, akamwambia afuate mshale mpaka mahali penyewe, ndipo bei itajwe. Mteja akifika na kukuta jiwe la mpaka, hujiona amemaliza nusu ya kazi. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa kuwa namba haisemi imeandikwa na nani, imo katika daftari la nani, wala kama mwenye ardhi anaitambua.

Maswali hayo matatu yamewagombanisha kwa miaka mingi wapenzi wa mchezo mmoja wa kigeni uitwao jiokashi. Katika mchezo huo mtu huficha kisanduku porini au mjini na kutangaza namba za mahali kilipo. Wengine hukitafuta kwa kifaa cha GPS, husaini kijitabu kilichomo ndani na kukirudisha palepale. Hakuna zawadi ya fedha. Hata hivyo, ukiyachambua magomvi yao utaona kwamba mengi ni ya kibiashara, na yanamhusu kila anayeweka akiba yake katika kitu kinachotambulika kwa namba.

MTAJI WA FULANA 144

Mchezo ulizaliwa kutokana na uamuzi wa serikali. Mwezi Mei 2000, Marekani iliondoa kasoro iliyokuwa imeiweka kwa makusudi katika mawimbi ya setilaiti zake yanayotumiwa na raia. Usahihi wa vifaa vya kawaida ukaongezeka takriban mara kumi. Tarehe 3 Mei 2000, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaitangaza namba yake kwa wapenzi wa GPS. Siku chache baadaye Mike Teague aliipata, kisha akaanza kukusanya orodha ya visanduku vilivyokuwa vikifichwa na wengine.

Septemba 2000, Jeremy Irish wa Seattle alifungua daftari jipya la mchezo huo kwenye intaneti likiwa na visanduku 75 tu. Yeye na wenzake wawili, Bryan Roth na Elias Alvord, wakaunda kampuni iliyokuja kujulikana kama Groundspeak. Fedha za mwanzo zilitokana na kuuza fulana 144 walizopewa bure. Baadaye ukaanzishwa uanachama wa kulipia, ambao kwa miaka mingi ada yake ilikuwa dola 30 kwa mwaka. Leo visanduku vimepita milioni 3 duniani kote.

MVUTANO WA DAFTARI

Ada hiyo ndiyo iliyoleta mzozo wa kwanza mkubwa. Waliolalamika walikuwa na hoja nyepesi kueleweka: kisanduku kimenunuliwa na mchezaji, kimefichwa na mchezaji, maelezo yameandikwa na mchezaji, na hata wakaguzi wanaoidhinisha visanduku vipya ni watu wa kujitolea. Iweje mwenye daftari auze kilichochangwa na wengine? Kampuni nayo ilijibu kwamba mitambo ina gharama, wafanyakazi wanahitaji mishahara, na asiyelipa bado anaruhusiwa kucheza. Lakini masharti yake yalikataza mtu kuichota orodha nzima na kuitumia kwingine.

Wasioridhika walifungua madaftari yao. Navicache ilianza mwaka 2001 na TerraCaching mwaka 2004. Mpinzani mwenye misuli alikuja Desemba 2010, pale Garmin, kampuni kubwa inayotengeneza vifaa vya GPS, ilipofungua daftari lake lisilo na ada. Lilikuwa na mtaji na jina, likafungwa Agosti 2015.

Sababu haiwezi kuwa ngeni kwa mfanyabiashara wa mifugo wa Dodoma. Mwenye mbuzi humpeleka mnada wa Msalato kwa kuwa wanunuzi wako huko, na wanunuzi huenda huko kwa kuwa mbuzi wako huko. Mnada mpya ukifunguliwa jirani bila ushuru, bado utakosa watu. Daftari lenye visanduku vingi lilivuta wasakaji wengi, na wasakaji wengi walivuta visanduku zaidi. Aliyewahi kushika soko alibaki nalo, pamoja na malalamiko yake yote.

KIBALI NA WINGI

Ugomvi wa pili ni wa ardhi. Mamlaka ya hifadhi za taifa ya Marekani iliweka vikwazo vikali dhidi ya kuacha visanduku ndani ya hifadhi. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, kisanduku kilichofichwa mtaani kilidhaniwa kuwa bomu na wanajeshi wakakilipua. Kanuni husema mfichaji apate kibali cha mwenye eneo, lakini wachezaji wamevutana kila mara juu ya nani athibitishe kibali hicho. Kwa maneno mengine, kuingizwa katika daftari hakujawahi kuwa uthibitisho kwamba mwenye ardhi amekubali.

Ugomvi wa tatu ni wa wingi dhidi ya ubora. Kanuni inataka visanduku vitengane kwa angalau mita 161. Wapo waliopanga mamia ya vikopo kando ya barabara kwa umbali huo huo, ili msakaji ajaze hesabu kwa siku moja. Wakongwe waliona mchezo umeshushwa thamani. Wapya waliona wakongwe wana wivu. Mnunuzi wa viwanja anaijua hali hii: tangazo la viwanja mia lina mvuto, ila halisemi vingapi vina barabara, maji na upimaji uliokamilika.

MIYUJI: NAMBA SAHIHI, KIWANJA KINGINE

Hapa ndipo fedha za mwekezaji mdogo zinapoingia hatarini. Ramani nyingi za upimaji za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya GPS hutumia mfumo wa WGS 84. Namba zilezile zikisomwa katika mifumo hiyo miwili hutofautiana mahali kwa takriban mita 300. Kwa Miyuji, mita 300 ni mtaa mwingine kabisa. Mtu anaweza kushika namba halali na kusimama kwenye kiwanja cha jirani asiyemfahamu.

Hata mfumo ukiwa mmoja, simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea kwa mita 5 hivi. Msaka kisanduku hilo halimsumbui, kwani huinama na kupekua kichaka. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30 hali ni nyingine. Mpaka wa ubavuni ukisogea mita 5, mita za mraba 150 kati ya 600 zimeondoka, yaani robo nzima. Tukichukulia kwa mfano bei ya shilingi 10,000 kwa mita ya mraba, hasara ni shilingi milioni moja na nusu.

Kuhusu daftari, Dodoma ina historia yake. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi huko, ardhi ya mji ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, iliyokuwa ikitoa umiliki wa miaka 33. Malalamiko ya wananchi juu ya viwanja yalirundikana, na Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja mamlaka hiyo. Kazi zake zilikabidhiwa Manispaa ya Dodoma, ambayo tangu 2018 ni Jiji, na hati za miaka 99 zikaanza kutolewa.

Tofauti na mkasa wa Garmin ni kubwa. Daftari la kampuni likifungwa, aliyeandika humo hubaki na kumbukumbu zake mwenyewe. Daftari la umma likivunjwa, yupo mrithi wa kisheria wa kuulizwa. Lakini orodha ya dalali, hata iwe na ramani ya rangi na namba za kila kona, iko upande wa kwanza: akibadilisha laini ya simu, daftari limefungwa.

HESABU YA MWEKEZAJI

Kwa anayekusudia kununua Miyuji, tahadhari zinazotokana na hesabu hizi si nyingi. Kwanza, aulize namba alizopewa ni za mfumo gani na zimetoka katika ramani ipi ya upimaji iliyoidhinishwa. Pili, amlipe mpima ardhi mwenye leseni aonyeshe bikoni zote, si moja, na alinganishe namba zilizochongwa juu yake na zile za ramani. Tatu, kabla ya malipo ya awali, afanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ajue jina lililoandikwa na kama kuna zuio au mkopo juu ya kiwanja. Nne, awaulize majirani na uongozi wa mtaa ni nani anayetambuliwa hapo.

Gharama ya hatua hizo ni ndogo ikilinganishwa na robo ya kiwanja, achilia mbali kiwanja kizima. Muuzaji anayeharakisha malipo kabla ya hatua ya tatu hana sababu ya kibiashara ya kufanya hivyo, na mnunuzi ana kila sababu ya kusubiri.