Ngazi ya Transista Ndani ya Kompyuta

Mwaka 1970 kampuni ya R. A. Moog, iliyokuwa kwenye mji mdogo wa Trumansburg katika jimbo la New York, ilitoa kinanda ambacho waandishi wa programu za muziki wanakifukuzia hadi leo. Kinaitwa Minimoog Model D. Kabla yake sinthesaiza kwa kawaida ilikuwa kabati la moduli, na mpigaji alilazimika kuziunganisha kwa nyaya ndipo apate hata noti moja. Minimoog ilikuja na kila kitu kimeshaunganishwa kwa ndani, na mbele yake vibonye 44. Besi ya Bernie Worrell kwenye "Flash Light" ya kundi la Parliament ilipigwa kwa kinanda hicho. Uzalishaji ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei ya vilivyobaki ikapaa, na wanamuziki wengi hawatakigusa maisha yao yote.

Kwa mtu mwenye kompyuta mpakato tu, na ndivyo walivyo maprodyuza wengi wa singeli na bongo fleva, njia ya kukifikia ni programu. Mwaka 1999 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani iliupanua mfumo wake wa VST ili ala nzima za muziki ziweze kuingia ndani ya programu ya kurekodi. Tangu hapo vinanda vya kale vimeigwa kwa wingi. Kwa picha vingi vinafanana na Minimoog kabisa: mbao pembeni, vitufe vyeusi vya kuzungusha. Sauti ni habari nyingine.

Wapo wanaoamini kwamba utamu wa ala za analojia unatokana na kasoro zake, kwa hiyo wanajenga sinthesaiza safi ya kidijitali kisha wanaipaka juu mvumo kidogo, mtetemo kidogo na uchafu kidogo. Sikubaliani nao. Utamu ule unatokana na jinsi sehemu za saketi zinavyoathiriana, na anayeutaka inambidi aige chanzo chake. Njia ya sauti yenyewe ni fupi. Osileta tatu zinatoa mawimbi, mawimbi yanakutana kwenye mikseri, yanapita kwenye chujio, kisha kwenye amplifaya. Saketi mbili zinapandisha na kushusha volti kila kibonye kinapobonyezwa, moja ikiliongoza chujio na nyingine amplifaya.

Tuanze na osileta, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapodanganyika mapema. Wimbi la msumeno kwenye saketi ni kapasita inayojaa chaji taratibu kisha ikaimwaga yote kwa mpigo. Kwenye msimbo ni kihesabio: kwa kila sampuli unaongeza kiasi kidogo, na kikifika 1 unatoa 1. Ni mistari mitatu. Noti za chini zinasikika sawasawa. Panda juu ya kibodi, utasikia miluzi isiyo na undugu na noti yoyote, mingine ikishuka wakati wewe unapanda.

Sababu iko kwenye hesabu. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, ambacho ni kiwango cha CD, kompyuta inabeba masafa yasiyozidi nusu ya namba hiyo, yaani Hz 22,050. Msumeno nao una harmoniki, yaani vizidisho vya masafa ya noti, zisizo na mwisho. Chukua noti ya Hz 3,000. Harmoniki yake ya 7 iko Hz 21,000, bado iko salama. Ya 8 ingepaswa kukaa Hz 24,000, lakini nafasi hiyo haipo, kwa hiyo inarudi chini na kutokea Hz 20,100, yaani 44,100 ukitoa 24,000. Ya 10 inaangukia 14,100. Ya 14, ambayo kimo chake ni moja ya kumi na nne ya noti yenyewe, inatua Hz 2,100, chini ya noti uliyopiga. Ya 15 inatua 900. Ni jambo lile lile linalofanya gurudumu la gari kwenye filamu lionekane likizunguka kinyumenyume: picha ni chache mno kwa mwendo wake. Na Hz 900 hizo zikishaingia, hakuna chujio litakalojua kuzitenga na sauti halali.

Tim Stilson na Julius Smith wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 1996 jinsi ya kuzalisha mawimbi haya bila kuvuka mpaka huo. Mwaka 2007 Vesa Välimäki na Antti Huovilainen wa Finland walieleza njia nyepesi, nayo ndiyo ninayomshauri anayeanza. Kihesabio kinaachwa kama kilivyo, ila pale kinapoanguka unarekebisha sampuli mbili tu, moja kabla ya anguko na moja baada yake. Kwa kuwa unajua kihesabio kimeivuka 1 kwa kiasi gani, unajua pia anguko lilitokea sehemu gani hasa kati ya sampuli hizo mbili, na unalilainisha kwa mkunjo mfupi. Miluzi haiishi kabisa, lakini inafifia kiasi cha kumezwa na muziki.

Jambo jingine la osileta ni dogo lakini lina uzito. Osileta za Minimoog hazianzi upya kibonye kinapobonyezwa. Zinazunguka muda wote, kwa hiyo kila noti inazikuta zimepishana kwa namna tofauti. Mwandishi wa programu akirudisha vihesabio vyake kwenye sifuri kwa kila noti, noti zote zinatoka pacha, na sikio linachoka bila kujua kwa nini.

Sasa chujio, na hapa nitakaa. Robert Moog, mwenye kampuni iliyotoa kinanda hiki, alipewa hataza ya chujio hilo mwaka 1969. Kwenye mchoro linaonekana kama ngazi, na hilo ndilo jina lililobaki: jozi nne za transista zimepandishwa moja juu ya nyingine, na kapasita imelala katikati ya kila jozi. Sauti inaingilia chini na kutokea juu. Kila kidato kinapunguza masafa yaliyo juu ya mpaka kwa desibeli 6 kwa oktavi, kwa hiyo vinne vinapunguza 24. Mkondo unaopita kwenye ngazi ndio unaoweka mpaka huo. Mkondo ukizidi, ukinzani wa transista unapungua, kapasita zinajaa haraka, na masafa ya juu zaidi yanapita. Anayezungusha kitufe cha chujio anabadilisha mkondo huo tu.

Kisha sauti inayotoka juu inageuzwa kinyume na kurudishwa chini. Kwenye masafa ya mpaka kila kidato kinalichelewesha wimbi kwa digrii 45. Vinne vinafikisha 180, kwa hiyo kilichogeuzwa kinafika chini kikiwa sambamba na kinachoingia, na vinaongezeana nguvu. Vidato vinne pamoja vinabakiza robo ya kimo cha wimbi hilo, na ndiyo maana ukirudisha mara 4 chujio linaanza kuimba lenyewe bila osileta yoyote. Hesabu hiyo hiyo inasema kwamba besi itabaki moja ya tano, pungufu ya desibeli 14. Mwanamuziki anayeona sauti inakonda kadiri anavyoongeza mrejesho anaisikia hesabu hiyo. Usiisahihishe.

Kidato kimoja kimoja ni rahisi kukiandika. Kazi iko kwenye mrejesho. Ndani ya saketi, kinachotoka juu kinafika chini papo hapo. Kwenye msimbo, huwezi kukokotoa kinachotoka bila kujua kinachoingia, na kinachoingia kina sehemu ya kile kinachotoka. Njia ya mkato ni kutumia jibu la sampuli iliyopita, mikrosekunde 22.7 nyuma. Kwenye Hz 1,000 kuchelewa huko ni digrii 8 tu, na hakuna atakayelalamika. Kwenye Hz 5,500 kunafika digrii 45, sawa na kidato kizima cha tano ambacho Moog hakukiweka. Chujio likiimba, linaimba chini ya pale kitufe kinapoonyesha, na mpigaji anayelitumia kama filimbi anajikuta nje ya tyuni.

Vadim Zavalishin, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu ubunifu wa machujio ya aina hii, anafundisha namna ya kutoka kwenye mtego huo. Jibu la kila kidato ni jumla ya vitu viwili: kumbukumbu ya sampuli zilizopita, ambayo tayari unayo, na sehemu fulani ya kinachoingia sasa. Ukivipanga vidato vyote vinne kwa namna hiyo, mlinganyo mzima unabaki na kisichojulikana kimoja. Unagawanya mara moja, na kuchelewa kunatoweka.

Hata hivyo, transista hazifuati mstari ulionyooka. Jozi ya transista inakuwa tiifu kwa milivolti chache tu. Wimbi likifika makumi ya milivolti, jozi inaanza kujipinda na kukataa kuongezeka, na mkunjo huo unaandikwa kwa hesabu ya tanh. Mwaka 2004 Huovilainen aliiweka tanh ndani ya kila kidato, na mahali pa kuiweka ndipo penye kila kitu. Ukilipinda wimbi baada ya chujio, harmoniki mpya zinatoka zote zikiwa kali. Ukilipinda kwenye kidato cha kwanza, harmoniki hizo bado zina vidato vingine vya kupita, na zinalainishwa njiani. Mrejesho nao unapita kwenye mikunjo hiyo hiyo: ukipandisha osileta kwenye mikseri, mlio wa chujio unafunikwa, ukizishusha, unachomoza. Wapigaji waliligundua hili kwa masikio. Walichukua waya kutoka tundu la hedifoni wakaurudisha kwenye tundu la sauti ya nje la kinanda hicho hicho, ili waisukume ngazi zaidi. Programu iliyoiga saketi kwa uaminifu inafanya hayo bila mstari hata mmoja wa msimbo wa kuongeza utamu.

Gharama ipo. Tanh inazaa harmoniki mpya, na mpaka wa Hz 22,050 unarudi kudai haki yake, kwa hiyo chujio huendeshwa kwa sampuli mara nne zaidi, 176,400 kwa sekunde, kisha zinapunguzwa mwishoni. Mlinganyo nao hautatuliki tena kwa kugawanya mara moja; unakisia jibu, unapima kosa, unakisia tena, yote ndani ya mikrosekunde zisizofika 6. Minimoog ilipiga noti moja tu kwa wakati, na vibonye viwili vikibonyezwa pamoja ya chini ndiyo ilishinda. Watumiaji wa programu watataka noti nane. Kompyuta ikichelewa mara moja tu, sauti inakatika kwa kishindo. Kwa hiyo ndani ya sehemu inayokokotoa sauti usiombe kumbukumbu mpya, usifungue faili, usisubiri chochote.

Kuyumba kwa tyuni, ambako matangazo ya biashara hukupenda sana, ni kazi ndogo. Transista inayogeuza volti kuwa masafa hubadilika kwa karibu asilimia 0.33 kwa kila digrii moja ya joto isipofidiwa, na fidia haikuwahi kuwa kamili. Ipe kila osileta mwendo wake wa polepole, mdogo, usiofuata wenzake, na inatosha.

Linabaki swali la kupima. Kapasita na rezista hutoka kiwandani zikiwa na tofauti ndogo, na miaka mingi inazitenganisha zaidi, kwa hiyo Minimoog mbili zikiwekwa meza moja na vitufe vimepangwa sawa zinaweza kulia tofauti. Anayeiga wastani wa zote hapati kinanda chochote. Chagua kimoja chenye afya, kiingizie wimbi moja safi, pandisha kimo chake hatua kwa hatua kutoka chini sana hadi kinapojipinda, na rekodi kila hatua. Rudia kwa mrejesho ukiwa robo, nusu na juu kabisa. Kisha pitisha mawimbi hayo hayo kwenye programu yako na ulinganishe harmoniki moja moja. Ikitofautiana kwenye kimo cha chini, tafuta kosa kwenye thamani za kapasita; ikitofautiana pale tu unapoisukuma, kosa liko kwenye tanh au kwenye kiwango cha sauti kinachoingia kwenye ngazi.